Kijana mswaga ng'ombe Usukumani huhesabiwa mtu mzima lini hasa?

#1 Mwana wa Ngudu
Wakuu, salaam. Majirani zetu Wakurya wana tohara ya rika, na Wamasai wana ujana wa moran. Kijana akishapita hapo, kila mtu anajua kwamba amevuka. Sisi Wasukuma kwa asili hatukuwa na jando la namna hiyo. Hoja yangu ni kwamba safari ndefu ya kuswaga ng'ombe ndiyo iliyochukua nafasi yake. Mvulana huanza na ndama karibu na nyumba, kisha mbuzi na kondoo, kisha ng'ombe wa kutoka asubuhi na kurudi jioni, na muda wote huo anaitwa mtoto. Siku anapokabidhiwa kundi alipeleke mbali, iwe ni malisho ya kiangazi au mnadani, alale nalo porini na arudi na hesabu iliyotimia, utoto unakuwa umekwisha.

Nauliza kwa sababu ukoo wetu unabishana. Mpwa wangu wa Meatu aliswaga ng'ombe wa babu yake hadi mnada wa Nyamatala, Misungwi, akiwa na mwenzake mmoja, nao wakafika salama. Aliporudi aliomba kuketi katika kikao cha kupanga siku za kufungua ngitili, yaani malisho ya akiba yaliyofungwa. Baba yake mkubwa alimjibu kwamba bado ni mtoto na asubiri kuitwa. Je, mzee yule ana haki?

#2 Mkurya wa Tarime
Ndugu, usitutamani sana. Tohara yetu inamtoa kijana katika kundi la wavulana, hilo ni kweli, lakini haimpi ng'ombe. Kwetu utamkuta mtu ametahiriwa zamani, anaheshimiwa na wenzake wa rika, na bado hana sauti juu ya mnyama hata mmoja aliyelala katika zizi la baba yake. Muulize mpwa wako swali moja tu: katika kundi lile aliloliswaga, alikuwa na mtamba wake? Kama hakuwa naye, alikuwa mtu wa kutumwa, na anayetumwa hata akitumwa mbali hubaki chini ya aliyemtuma.

#3 Mzee wa Wembere
Vijana wangu, nimesoma hoja zote mbili, nami sikubaliani na yeyote kati yenu. Nimechunga katika mbuga ya Wembere tangu utoto, nimetuma wanangu na nimetuma watoto wa wenzangu, na ninachokijua ni hiki: kufika salama hakujawahi kumpima mtu. Ukipata mwaka mzuri, malambo yakiwa na maji na majani yakiwa marefu, hata mtoto wa miaka tisa atafika, kwa kuwa ng'ombe wenyewe wanaijua njia. Kipimo huja pale jambo linapoharibika.

Mdogo wangu alipelekwa kambini mwaka mmoja mgumu sana wa kiangazi. Fisi walivunja boma la miiba usiku, wakaua mtamba, na katika mkanyagano dume moja likapotelea gizani. Angeweza kutunga habari. Wachungaji wengi wa kuajiriwa hutunga. Ng'ombe huuzwa njiani, kisha mwenye mali huambiwa ameliwa na simba. Yeye alilala na wenzake pale pale, akawaswaga waliobaki hadi kwenye maji, akamwachia kundi mchungaji wa kambi jirani, akafuata nyayo za lile dume mpaka alipolikuta limeunganika na kundi la Wataturu, wafugaji wenzetu. Mwishoni mwa msimu alimletea baba ngozi ya yule mtamba na kumsimulia kila kitu, pamoja na jambo ambalo hakuna aliyelijua, kwamba usiku ule aliacha mlango wa boma bila kuuziba vizuri. Baba hakumwadhibu. Asubuhi alimwita mbele yetu na kumuuliza maoni yake kuhusu ng'ombe yupi auzwe ili kulipia dawa za kuogeshea. Kuanzia siku ile hakuna aliyemwita mtoto.

Kwa hiyo mwacheni kwanza huyo kijana apate hasara, kisha mumsikilize anavyoisimulia.

#4 Mama wa Kisesa
Shikamoo, Mzee wa Wembere. Naomba na sisi tunaobaki nyumbani tuseme, kwa sababu baba huona ng'ombe wanapoingia zizini, lakini mama huona ndama.

Kijana mdogo akiwa malishoni hukamua akanywa, na wengine hunyonya moja kwa moja kwenye kiwele. Hakuna mzazi asiyejua. Jioni ng'ombe anarudi na kiwele kilicholegea, ndama anasukuma kichwa na hapati kitu, na baada ya wiki chache unaziona mbavu zake. Halafu unafika msimu ambao ndama wanaanza kung'aa manyoya bila ya wewe kubadilisha lolote. Nikiliona hilo hujua kwamba mwanangu ameanza kuvumilia njaa kwa ajili ya mnyama ambaye hata si wake, na ndipo hujaza michembe na matobolwa (viazi vitamu vilivyokaushwa) ya kutosha katika mfuko wake, kwa sababu sasa anastahili kupewa chakula cha safari. Simwambii. Baba yake naye huchelewa kulijua, pengine miaka miwili.

#5 Mwalimu wa Malya
Nawashukuru kwa uzi huu, ingawa mimi unaniuma. Nimefundisha katika shule za msingi za vijijini kwa muda mrefu, na safari mnazozisifu ndizo zinazoniachia madawati matupu kiangazi kinapofika. Elimu ya msingi ni ya lazima tangu Sheria ya Elimu ya mwaka 1978, na tangu 2016 serikali imeondoa ada hadi kidato cha nne, kwa hiyo kisingizio cha ada hakipo tena. Hata hivyo mvulana wa darasa la tano huondoka na kundi mwezi Julai, na akirudi amebadilika kabisa. Amelala porini, amewakabili fisi, amejadiliana bei na watu wazima. Sasa anatakiwa aombe ruhusa ya kwenda chooni. Anaona aibu kuketi na wadogo zake, na haipiti muda anaacha shule.

Hamumfanyi mtu mzima. Mnamfanya asiweze tena kuwa mtoto, na hayo ni mambo mawili tofauti. Isitoshe, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imekataza mtu yeyote aliye chini ya miaka 18 kufanya kazi.

#6 Wakili wa Nyamagana
Mwalimu, hoja yako ya msingi naiunga mkono, lakini kipengele cha mwisho kinahitaji kurekebishwa. Sheria ya Mtoto inamtambua mtoto kuwa ni mtu aliye chini ya miaka 18, ila haijakataza kazi zote. Inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14, kwa sharti kwamba isimdhuru na isimzuie kusoma. Kinachokatazwa kwa wote walio chini ya miaka 18 ni kazi za hatari, na kazi ya usiku imekatazwa pia. Kuchunga karibu na nyumba baada ya masomo hakuna tatizo. Kulala porini ukilinda kundi dhidi ya fisi na wezi ni jambo jingine, na sidhani kama yupo wakili anayeweza kuliita kazi nyepesi.

Mwana wa Ngudu, hujatuambia mpwa wako ana umri gani.

#7 Afisa Mifugo, Magu
Salaam kwenu nyote. Nina mambo mawili, na la kwanza ni la haraka kwa sababu linahusu uhai wa watu.

Mzee wa Wembere ameeleza desturi ya mchungaji kurudi na ngozi kama ushahidi. Kwa mnyama aliyeuawa na fisi, sawa. Lakini ng'ombe aliyekufa ghafla, hasa akitokwa na damu nyeusi isiyoganda kwenye pua, mdomo au njia ya haja, asichunwe, asipasuliwe na asiliwe kabisa. Hiyo ni dalili ya kimeta. Vijidudu vyake huishi ardhini miaka mingi, na anayechuna huweza kupata vidonda au kufa. Mzoga ufukiwe shimoni kwa kina au uteketezwe, na mtaalamu wa mifugo aitwe. Kijana asilazimishwe kuhatarisha maisha yake kwa kuogopa kuitwa mwongo.

La pili, kwa maoni yangu kipimo cha siku hizi ni ujuzi. Kuhamisha mifugo kunahitaji kibali chini ya Sheria ya Magonjwa ya Mifugo ya mwaka 2003, na kibali hicho huambatana na ukaguzi wa afya. Nimekutana na vijana wanaoshika kibali kama karatasi ya kufungia chumvi. Nimekutana pia na mmoja, wa rika la huyo mpwa, aliyeniletea ng'ombe wake kabla ya safari akaniomba nimtoe mmoja katika orodha kwa sababu aliona tezi iliyo chini ya sikio imevimba. Nilimpima mnyama, alikuwa na homa, na ilikuwa ndigana kali inaanza. Ugonjwa huo huenezwa na kupe wa masikio, na akiachwa hadi atoe povu puani mara nyingi huwa hana muda tena. Yule kijana alikuwa amehudhuria josho kila wiki na alisikiliza tulichofundisha. Kwangu mimi huyo ni mtu mzima, hata kama hajawahi kuvuka mto Simiyu.

#8 Mzee wa Wembere
Afisa, kuhusu kimeta uko sahihi kabisa, na nawasihi vijana wamsikilize. Hata sisi, mnyama akifa kifo kisichoeleweka, mchungaji alikwenda kuita watu wa kaya ya karibu waje waone kwa macho yao, na ushahidi wao ulitosha. Ngozi ilikuwa ya waliouawa na wanyama au waliovunjika mguu.

Hilo la tezi halibadilishi hoja yangu. Mganga mwerevu naye anaweza kuwa mwongo.

#9 Dereva wa Fuso
Wazee wangu, naomba niseme jambo ambalo huenda halitawapendeza. Mnajadili mtihani ambao umeshafutwa. Mimi hupakia ng'ombe minadani na kuwapeleka Pugu, Dar es Salaam, na vijana ninaowapakia hawatembei tena. Hukaa juu ya gari wakishika mikia ya ng'ombe wasilale wakakanyagwa. Njia za mifugo tulizozikuta zimelimwa. Kutoka Meatu kushuka Maswa na Kwimba utapita kati ya pamba, dengu na mpunga, na kila hatua kundi linapoingia shambani ni kesi na faini. Tangu reli ilipofika Mwanza miaka ya thelathini, ng'ombe wa biashara walianza kupanda behewa, na sasa lori limemaliza kilichobaki. Kijana akikwama njiani anapiga simu, na baba anaamua akiwa nyumbani. Mtu anayeamuliwa kwa simu atakomaa saa ngapi?

#10 Mkerewe wa Rugezi
Ndugu Dereva, reli ilifika Mwanza mwaka 1928, si miaka ya thelathini. Nimelisema hilo kwa sababu babu zetu walikuwa wakihesabu miaka ya kuzaliwa kwa kutumia tukio hilo.

Wala si kweli kwamba mtihani umefutwa kila mahali. Njooni kwenye kivuko cha Rugezi na Kisorya mkatazame kijana anayewapandisha ng'ombe ambao hawajawahi kukanyaga chuma. Injini ikinguruma, kundi zima hutaka kurudi nyuma, na nyuma kuna watu, mizigo na maji. Anayepiga kelele na kurusha fimbo huwazidishia woga. Anayejua humtanguliza ng'ombe mmoja mtulivu, hutembea kando ya bega lake akizungumza naye kwa sauti ya chini, na wengine hufuata. Sisi wa visiwani tunaishi pia na mamba. Kuchagua sehemu ya kunyweshea, yenye maji mafupi na isiyo na matete, ni uamuzi unaofanywa kila siku, na simu haikusaidii.

#11 Mzee wa Wembere
Watani zangu wa Ukerewe, niliwajua kwa samaki na ugali wa udaga. Leo nimejifunza kwamba mna ng'ombe wanaosafiri majini. Hilo la ng'ombe mtulivu kutangulizwa ni kweli hata nchi kavu.

#12 Binti wa Itilima
Nimesoma kuanzia juu hadi hapa, na kila mlipoandika kijana mlimaanisha mvulana.

Kaka zangu walipopelekwa shule, mimi ndiye niliyechunga. Nilianza na ndama kama alivyoeleza Mwana wa Ngudu, nikafika mpaka kundi zima, na mwaka ambao mvua ilichelewa nililala na ng'ombe nje ya nyumbani pamoja na mjomba wangu mgonjwa, ambaye kwa kweli nilikuwa nikimchunga naye. Nilirudi na hesabu kamili. Nilisema kweli kuhusu ndama aliyekufa, kwa hiyo hata kipimo cha Mzee nilikipita. Ndama wa mama yangu hawakuwahi kukonda kwa sababu yangu. Niliijua ndigana kabla ya kaka zangu kujua kuandika jina lake.

Hakuna aliyeniuliza ng'ombe yupi auzwe. Nilipoolewa, ng'ombe wa mahari waliingia katika zizi lile lile, na mmoja wa kaka zangu akaoa kwa kuwatumia. Sisemi haya kwa uchungu dhidi yake, ni ndugu yangu na ananiheshimu. Ila nawaomba mniambie: kama safari, hasara, uvumilivu na ujuzi ndivyo vinavyomtoa mtu utotoni, mimi nilitoka lini? Nadhani Mkurya wa Tarime katika #2 ndiye aliyekaribia. Mtu mzima ni yule anayetajwa mali inapogawanywa, na haya mengine ni maneno ya kumfariji asiyetajwa.

#13 Mlinzi wa Zizi
Dada, sina jibu la kukutosheleza, na sitajifanya ninalo.

Nitaongeza upande wa kijiji, kwa kuwa wote mmeangalia ndani ya ukoo. Sungusungu walipoanza mapema miaka ya 1980 katika maeneo ya Shinyanga na Tabora, wizi wa ng'ombe ulikuwa umekithiri, na mwano, yaani yowe la kuita watu, ulipolia kila mwanamume alitakiwa atoke na silaha yake. Aliyebaki ndani alitozwa faini. Swali lilikuwa nani anadaiwa: kama ni mtoto asiyefika, alidaiwa baba yake, kama ni mtu mzima, alidaiwa kwa jina lake mwenyewe. Nimewahi kuona kijana akisimama kikaoni na kudai faini iandikwe kwake, baba yake akitaka kuilipa, na watu wakanyamaza wakimtazama. Alilipa kwa jogoo na fedha kidogo alizopata kwa kulima kibarua cha pamba.

Mwana wa Ngudu, mpwa wako akikosa kufika kwenye mwano, nani analipa?

#14 Mwana wa Ngudu
Wakili, ana miaka 19, shule alimaliza kidato cha nne, kwa hiyo Mwalimu asiwe na wasiwasi. Mkurya, mtamba anaye, alipewa na babu yake, na amezaa mara moja. Mlinzi, faini ya mwaka jana aliilipa baba yake mkubwa bila hata kumwambia, na sasa naona kwamba pengine hapo ndipo tatizo lilipo: mzee anamlipia, kisha anamwambia hajakomaa kwa kuwa analipiwa.

Hata hivyo bado nashikilia safari. Kabla ya safari asingethubutu kuomba kuketi kikaoni. Kitu fulani kilibadilika njiani, ndani yake mwenyewe, kabla ya watu kukitambua.

#15 Mhamiaji wa Usangu
Habari za siku nyingi, watu wa nyumbani. Sisi tuliohama tuna kisa chetu. Wafugaji walipoondolewa Ihefu, Usangu, mwaka 2006 na 2007, familia nyingi zilielekea kusini, na waliokuwa mbele na ng'ombe walikuwa vijana wadogo, kwa sababu wazee walibaki na kina mama na mizigo au walikuwa kwenye ofisi wakifuatilia faini. Mimi nilikuwa mmoja wa vijana hao. Hakukuwa na baba mkubwa wa kuniambia ningoje. Ng'ombe wakilala njaa ni mimi, wakiingia kwenye shamba la mtu ambaye sijui lugha yake ni mimi, na kuamua tuuze wangapi ili waliobaki wavuke ilikuwa juu yangu.

Baba aliponikuta baada ya miezi mingi aliniita kwa jina la ukoo, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Lakini sioni fahari ya kutamani hali ile impate mwanangu. Utu uzima uliokuja kwa kufukuzwa una kasoro zake. Wenzangu wawili mpaka leo hawawezi kukaa sehemu moja.

#16 Mama wa Kisesa
Pole sana, baba, na Mungu awatunze huko. Kwa Mwana wa Ngudu nina neno moja. Ngitili si kikao cha watu wazima, ni kikao cha kaya. Majani yale hufungwa wakati wa mvua ili yaokoe ng'ombe wa kila nyumba kiangazini, na hata mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulipokuja Shinyanga mwaka 1986 kuzifufua ngitili, uliikuta desturi hiyo ipo. Anayeketi pale huisemea nyumba. Mpwa wako hana nyumba bado. Aoe, ajenge, moto uwake kwake, hakuna atakayemzuia kusema.

#17 Binti wa Itilima
Mama, wapo wajane wa kijijini kwetu ambao moto unawaka kwao miaka mingi, nao huwakilishwa na shemeji.

#18 Mzee wa Wembere
Mama wa Kisesa, kwa heshima, hilo la kaya si zima. Zamani vijana ambao hawajaoa walikuwa na nsumba ntale wao, yaani kiongozi wa vijana, waliyemchagua wenyewe, na jambo lililowahusu lilifika kwa wazee kupitia kwake. Hakuhitaji mke ili asikilizwe, alihitaji vijana wenzake wamkubali. Mwana wa Ngudu, mwambie mpwa wako asiombe kiti kwa baba yake mkubwa. Awakusanye wachungaji wa rika lake, wote wanaotumia ngitili ile, wamtume mmoja wao aende na hoja yao kuhusu siku ya kufungua. Na kama kuna mabinti wanaochunga, nao wawe katika kundi hilo la kumchagua. Kiangazi hiki mbuga zimeanza kukauka mapema, kwa hiyo wasichelewe.